Mgeni Aliyepita Kusalimia

Tangu Yoeli azikwe, Damari hakulala peke yake hata siku moja. Msije mkamfikiria vibaya mjane wa watu. Aliyelala naye alikuwa Mgeni, na Mgeni alilala pale pake pa siku zote, chini ya ngozi ya mgongo, katikati ya mabega, doa la upana wa kiganja lenye weusi wa masizi ya chungu. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Kiangazi. Mwenyeji wa Mgeni akifa, mjane wake anamhifadhi mpaka siku ya kuanua matanga, halafu anamkabidhi kwa mrithi mbele ya watu. Siku za matanga si nyingi, na kwa siku chache Mgeni hamdhuru mtu. Madhara yake yanataka miaka.

Kiangazi ndilo jina ambalo wahamiaji wa kwanza waliipa dunia hii, waliposhuka kwenye chombo chao wakakuta vumbi jekundu hadi macho yanapoishia na mbingu isiyojua wingu. Wengi wao walitoka Dodoma na Singida. Wakubwa waliowachagua walisema watu wa huko wameuzoea ukame, watastahimili. Wazee wakajibu kwamba ukame wa kwao angalau una mbuzi. Basi wakaja, wakachimba visima virefu kuifuata barafu iliyolala chini ya mwamba, wakajenga vyumba ardhini, wakazaana, wakazikana. Na katika kimojawapo cha visima hivyo, kabla Damari hajazaliwa, ndimo alimotokea Mgeni.

Asubuhi hiyo Damari alikuwa jikoni anakoroga uji. Nyuma ya pazia binti yake, Nyemo, alikuwa anakohoa.

"Punguza moto," sauti ikasema. Ilitoka kwenye koo la Damari mwenyewe, lakini ilikuwa sauti ya Yoeli. "Unga huu unaujua ulivyo na kiherehere cha kushika chini."

Damari akapunguza moto. Siku za mwanzo alilia kila alipoisikia sauti ile, sasa alikuwa ameanza kuijibu. Watu wa Kiangazi walilijua jambo hili na wala halikuwashangaza. Mtu akiishi na Mgeni, kila anachokiona na kukisema kinabaki ndani ya Mgeni, na sauti yake pia. Mwili unaoza, sauti inahamia kwa mwenyeji anayefuata. Wajane na mayatima walikuwa wakija kwa Yoeli kuzungumza na wafu wao, naye aliwapokea, akawaazima koo lake, kisha akaondoka kwenda kazini bila kusema neno. Damari alimwonea fahari siku zile. Hakuwahi kumuuliza kama anachoka.

Kikohozi kikapanda tena. Kilianza kama mtu anayesafisha koo kikaishia kama mtu anayeng'olewa kitu kifuani. Kifua cha vumbi hakina dawa. Vumbi la Kiangazi ni laini kuliko unga, linapenya kila kitambaa, na likishatua kwenye pafu halitoki. Nyemo alikuwa na miaka ishirini na kidogo, na alishindwa hata kuinua ndoo.

"Hodi humu."

Alikuwa Ndahani, mwenyekiti wa kambi, rika la marehemu, mtu mnene mwenye miguu midogo ambaye tangu zamani alimwita Damari shemeji. Akaketi kwenye kigoda kabla hajakaribishwa, na hapo Damari akajua kwamba ana neno.

"Shemeji, baraza limekaa," akasema. "Mrithi ni Nyemo."

Damari akaweka mwiko chini. Kwa kweli moyo wake ulipaa. Aliogopa, lakini furaha ilitangulia, na hiyo hakuisahau baadaye. Mgeni huingia kwenye pafu lililotoboka akaliziba kwa mwili wake mwenyewe. Mwenye kifua cha vumbi akimpokea leo, kesho anapumua. Ndiyo maana siku ya kukabidhi watu wote husema pamoja, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasema hivyo na hawamalizii, kwa sababu kila mmoja anajua ya mbele. Mgeni anamponya mwenyeji, halafu anaendelea kukua, na mwenyeji anakwisha kidogo kidogo akiwa mzima. Hakuna aliyewahi kuota mvi akiwa naye, ila yule wa kwanza, ambaye alikuwa nazo tayari.

"Daktari amesemaje?" Damari akauliza.

"Bila Mgeni, mwanao haishi mpaka chombo kijacho kije kutoka nyumbani. Akiwa naye, ana miaka minane, pengine kumi." Ndahani akatazama pazia, akashusha sauti. "Yoeli alipata tisa. Haikuwa miaka mibaya, shemeji."

*

Wakati wa matanga, mwenye Mgeni ndiye mwenye zamu. Kwa hiyo Damari, na gauni lake la msiba, alichukua ndoo na brashi akapanda ngazi kwenda nje.

Hewa ya kambi yote huvutwa kupitia vichujio vilivyosimama juu ya ardhi, mabati marefu yenye matundu madogo madogo. Vumbi hunata juu yake kama ugali kwenye sufuria isiyolowekwa. Lisiposuguliwa kila siku, watu chini wanaanza kusinzia, kisha hawaamki. Mashine zilijaribiwa, vumbi likaingia kwenye viungo vyake zikakwama. Watu walijaribu wakiwa na suti za nje, vumbi likazisaga suti kwenye magoti na viwiko, na makaburi ya wale walioanza yako pale pale karibu na lango. Aliyeweza ni mmoja tu, mwenye Mgeni. Huyo hutoka na nguo zake za kawaida. Mgeni humzibia pua na mdomo, humpa pumzi kutoka mwilini mwake, na humfunika macho kwa utando mwembamba, dunia yote ikaonekana kama imetiwa kwenye chai ya rangi.

Damari alisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Alimaliza bati la mwisho, akainama kukung'uta brashi kwenye ndoo.

"Mama Nyemo," sauti ikamjia. Huko nje koo halitumiki, maneno huja ndani ya kichwa. Ilikuwa sauti ya mzee asiyemfahamu, yenye lafudhi nzito ya Kigogo cha zamani. "Naona kazi imeisha. Ngoja mimi niwaache sasa."

Damari akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa na mama yake, bila hata kufikiri. "Mapema yote hii? Kaa kwanza."

Kitu kikajikunja mgongoni mwake. Halafu ikamwingia huzuni ambayo haikuwa yake. Huzuni yake aliijua, alikuwa analala nayo na kuamka nayo. Hii nyingine ilikuwa kubwa na ya zamani, na haikuwa na machozi.

"Una nini?" akauliza.

"Sina kitu. Nimeomba, umenikatalia, nimekaa."

"Nimekukatalia nini mimi?"

"Kuondoka."

Damari akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vumbi lilikuwa linapita miguuni pake. Akasema, "Hebu nieleze vizuri," na Mgeni, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia hivyo mapema kiasi cha kusaidia, akaeleza.

Huko chini ndani ya barafu hakuwa mmoja. Walikuwa wengi na walikuwa kitu kimoja, kama maji ya kisima kimoja yalivyo maji tu hata ukiyachota kwa vibuyu kumi. Siku moja wakasikia mtu anagonga juu. Ilikuwa keekee ya wachimbaji ikitoboa mwamba, lakini wao wangejuaje? Kipande kimoja kikapanda kutazama ni nani anabisha hodi. Mzee Mika Msanjila alikuwa ametoa donge la kwanza la barafu, akaliyeyusha kwenye beseni ili anawe mikono, maana alikuwa mtu safi. Akatumbukiza viganja vyake, na Mgeni akaingia.

"Nilipita kusalimia tu," Mgeni akasema.

Kabla ya Mika hakuwa anajua mtu ni nini. Alichukua umbo la maisha kutoka kwa Mika, kama udongo mbichi unavyochukua alama ya mguu wa kwanza kuukanyaga, ukikauka ndiyo basi. Na Mika alikuwa mtu wa namna gani? Mika hakuwahi katika maisha yake kutoka nyumbani kwa mtu bila kuaga na kuruhusiwa. Kwake yeye, mtu anayeinuka akaenda zake bila ruhusa ya mwenye nyumba ni sawa na mwizi. Kwa hiyo hata Mgeni akawa hivyo. Hilo kwake halikuwa adabu ya kuchagua. Ndivyo alivyokuwa ameumbwa sasa, kama wewe usivyoweza kukunja magoti yako kwa nyuma.

Siku ya kwanza akaaga. "Mzee, ngoja niwaache." Mika alikuwa amefiwa na mke, watoto wake wamebaki ng'ambo ya nyota, na hakuna aliyekuwa akimtembelea isipokuwa fundi wa mabomba. Alikuwa amesikia sauti kichwani, akashtuka, akazoea, akafurahi kupata wa kuongea naye. Uji ulikuwa motoni. "Aa, unakwenda wapi saa hizi? Kaa kwanza." Mgeni akakaa. Kesho yake akaaga tena. "Hata hujapumzika," Mika akasema. Keshokutwa akaaga mara ya tatu, na Mika akacheka akamwambia kwao mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe, basi achukue jembe waende wote kazini. Akaenda naye kusugua vichujio bila suti, na kambi nzima ikatoka kumtazama kupitia kioo.

"Alipokuja kuelewa kwamba naaga kweli," Mgeni akasema, "nilikuwa nimeshaota mizizi kwenye pafu lake. Nikitoka, anakufa. Akalia sana. Akaniomba msamaha kila siku mpaka alipofariki. Lakini ruhusa hakutoa."

"Na wale waliofuata?"

"Elisha, mpwa wake, alinipokea akimwosha mjomba wake. Niliaga siku ile ile. Naye akanisihi, jamani karibu, kaa, umetusaidia sana. Alifikiri ninajivunga. Alipojua, alikuwa na mchumba. Wakafuata wengine, kila mmoja na sababu yake. Yoeli naye."

Damari akainuka kwenye ndoo. "Yoeli alijua?"

Hapo ikaja sauti anayoijua, ya kitandani, ya jikoni, ya miaka yote. "Nilijua, Mama Nyemo."

"Miaka tisa unalala pembeni yangu na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungefanya nini? Nilimwambia asubiri Nyemo akue. Nyemo akakua, akaanza kukohoa. Nikamwambia asubiri kidogo tena."

Damari alikasirika vibaya. Alimkasirikia marehemu, jambo ambalo halifanyiki kabla matanga hayajaanuliwa, akamwambia maneno ambayo hayaandikiki hapa. Yoeli hakujibu. Maana Yoeli hakuwapo. Iliyokuwapo ni sauti yake ndani ya kitu kilichotaka kwenda kwao.

Alipotulia akauliza, "Leo je? Nikikuruhusu leo, mimi nitakufa?"

"Wewe sijakuotea mizizi. Nipeleke kwenye kisima, tia mikono kwenye barafu, sema nenda. Basi."

"Na Nyemo?"

Mgeni alikuwa na adabu ya Mika, na Mika hakuwa mtu wa kumwambia mama maneno kama hayo.

*

Alimkuta Ndahani ofisini kwake, amevua viatu, anakula karanga. Damari akamweleza yote akiwa amesimama. Ndahani alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kutoshangaa.

"Wewe unajua," Damari akasema.

"Sijui. Nilihisi." Akasukuma bakuli la karanga pembeni. "Aliyemtangulia Yoeli, akiwa anakaribia kufa, alitaka kuniambia kitu. Nikamwambia pumzika, utaniambia kesho. Nilimwambia hivyo kila siku, shemeji, mpaka kesho zikaisha. Kuna mambo kiongozi anachagua kutoyasikia."

"Huyu ni mfungwa wetu."

"Ndiyo."

"Tumemfunga kwa kumkaribisha."

"Ndiyo, shemeji. Na sisi je?" Hakupandisha sauti. "Akiondoka, kesho ni zamu ya nani kule juu? Tutapiga kura tuvae suti. Tutazika mtu mmoja kwa mwezi, pengine wawili, mpaka vifaa vije. Tutaishi. Watu wameishi katika mabaya zaidi. Nikisema kwamba kambi itakufa nitakuwa nakudanganya." Akavaa viatu vyake polepole, kama mtu anayetafuta la kufanya na mikono. "Mgeni yuko kwako leo. Ukimwachia, sitakushika mkono wala sitawaambia watu wakulaumu. Lakini binti ni wako. Usije kuniuliza mimi cha kufanya, kwa sababu mimi ningemfunga. Mimi ningemfunga bila kusita, na ningekwenda kanisani Jumapili."

Damari alitaka agombezwe. Mtu akikugombeza unapata pa kusimama. Akatoka pale akiwa hana hata hapo.

*

Nyemo alikuwa ameamka, ameegemea mito mitatu, anapanga nguo kwenye mkoba mdogo kana kwamba anasafiri. Kabla ya kuugua alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, na watu walikuwa wakisema akikosekana yeye wimbo unalegea katikati. Sasa hata kusoma mstari mmoja wa tenzi alikuwa anapumzika njiani.

"Mama, njoo ukae." Akavuta pumzi. "Nimesikia uamuzi wa baraza. Nimeambiwa na mke wa mwenyekiti. Yule hana siri."

"Nimekuja kukuambia."

"Najua ya mwisho wake. Usinitazame hivyo. Nilimwona Baba." Pumzi. "Nimehesabu. Nitaimba Krismasi zote hizo. Nitakwenda na kurudi ule ujia mrefu wa kisima kwa kukimbia, halafu nitarudia tena. Wewe utakuwa umekaa pale unasema utaanguka, utaanguka."

Damari akacheka, na kicheko kikamwuma. Doa lilikuwa linasikiliza mgongoni mwake. Alijua kwamba anatakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo, yamepangwa, tangu kwenye ngazi. Mwanangu, huyu haji kwako kwa hiari. Huyu anaomba kwenda kwao na leo tunaweza kumwachia, na tukimwachia wewe utakufa. Unasemaje? Hayo tu. Nyemo alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, na pafu lilikuwa lake.

Tatizo ni kwamba Damari alimjua mwanawe. Nyemo alikuwa mtoto ambaye, akiwa mdogo, akipewa kipande cha sukari guru alikigawa mpaka kikaisha hajaonja. Damari alilijua jibu kabla hajauliza swali. Kama asingelijua, angeuliza.

"Mgeni mwenyewe anasemaje?" Nyemo akauliza. "Amefurahi kuja kwangu?"

"Amefurahi," Damari akasema.

*

Kuanua matanga kulifanyika kwenye ukumbi wa chini baada ya kifungua kinywa. Nguo za Yoeli ziligawiwa ndugu zake. Watani wa ukoo wakaja na vituko vyao, mmoja amevaa koti la marehemu kinyumenyume anasugua ukuta kwa mswaki, watu wakacheka kama inavyopasa. Kisha wakanyamaza, na beseni la maji ya moto kiasi likaletwa katikati. Mama na binti wakapiga magoti, huyu upande huu, yule upande ule.

Damari akatia mikono yake kwanza. Akahisi Mgeni akishuka kutoka mgongoni, mabegani, viwikoni. Kwenye vifundo vya mikono akasimama.

Sauti iliyomjia kichwani safari hii haikuwa ya Mika wala ya Yoeli. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa kama mlio wa barafu inapopasuka mbali, na maneno yalikuwa yamevikwa juu yake kwa shida.

"Mama wa nyumba. Naomba ruhusa."

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama na hakuna aliyesikia. Nyemo alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanapanda na kushuka, anajizuia kukohoa mbele za watu. Kisima kilikuwa hatua chache nyuma ya mlango. Angeweza kuinuka. Angeweza kusema neno moja hapo hapo, na Mgeni angerudi mgongoni kusubiri apelekwe. Damari akafikiri juu ya wale wote waliomtangulia. Waliomwambia kaa kwanza hawakujua, na walipojua, walikuwa wanaokoa roho zao. Yeye alijua, na roho yake ilikuwa salama.

"Hapana," akamjibu moyoni.

Mgeni hakuwa amewahi kusikia neno hilo. Kwa miaka yote watu walimwambia bado mapema, subiri, unakimbilia nini. Alisimama pale kwenye vifundo muda kidogo, kama mtu aliyefungiwa mlango na bado ameshika kitasa.

"Nashukuru kwa makaribisho," akasema, kwa adabu ya Mika, kisha akashuka.

Nyemo akatia mikono. Watu wakasema kwa sauti moja, mgeni njoo, mwenyeji apone. Weusi ukapita majini upesi kama wino. Nyemo akatupa kichwa nyuma, akafumba macho, na mbele ya watu wote akavuta pumzi. Akavuta, akavuta, kifua kikajaa, akakaa nayo, akaiachia, akacheka. Mtu akaanzisha wimbo wa kwaya, na Nyemo akaudaka sauti ya pili akiwa bado amepiga magoti, akaushika mpaka mwisho wa ubeti bila kupumzika popote. Wanawake wakapiga vigelegele. Damari naye alipiga, akalia, akafurahi. Alifurahi kabisa, moyo mzima, na alijiogopa kwa hilo.

*

Hazikupita siku nyingi. Damari alikuwa anachagua mchele mezani, Nyemo akaingia tayari kwa zamu, amefunga kitambaa kichwani, na ndoo yenye brashi mkononi. Uso ulikuwa umejaa, macho yameng'aa. Hakusalimia. Akaweka ndoo chini.

"Mama, alikuomba kule kwenye vichujio," akasema. "Na akakuomba tena kwenye beseni."

Damari hakuuliza nani. "Ndiyo."

"Nikakuuliza kama amefurahi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema aende."

"Ningesema aende. Nilikuwa nimeshazoea kufa, Mama. Wewe ndiye ulikuwa hujazoea." Aliyasema hayo kwa mkupuo, bila kukohoa hata mara moja, na Damari, Mungu amsamehe, sehemu yake moja ilikuwa inasikiliza pumzi tu. "Leo asubuhi ameniomba na mimi. Nikaenda mpaka kwenye kisima. Nimetia mikono kwenye barafu, nimefungua mdomo nimwambie nenda. Neno halikutoka. Zamani ningeliweza, nilikuwa sina cha kuacha. Sasa nimeonja kupumua na siwezi. Nimesimama pale nikamwambia asubiri kidogo."

Mchele ulikuwa umemwagika kutoka kwenye ungo na Damari hakuuona. "Nisamehe," akasema.

"Aliniambia hana kinyongo. Na Baba naye ananiambia nikusamehe, yuko humu, hanyamazi." Nyemo akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini mimi bado."

Damari akanyoosha mkono amshike. Nyemo akaupokea, akaushikilia kidogo, halafu akaurudisha taratibu juu ya meza, kwa heshima, kama unavyofanya na mkono wa mtu mliyekutana naye leo. Akaomba ruhusa, akachukua ndoo yake, akaenda kazini.